Farasi wetu anakonda katika banda tunalolipia: tumhamishe au tubaki?

Swali: Daktari, mwaka jana tulimnunulia binti yetu wa miaka 14 farasi aliyestaafu mbio za Ngong, dume aliyehasiwa, umri wake miaka 6. Sisi tunaishi katika nyumba ya ghorofa, kwa hiyo tulimweka katika banda la kulelea farasi pembezoni mwa Nairobi kwa malipo ya kila mwezi ambayo tuliambiwa yanajumuisha matunzo yote. Miezi saba imepita. Mbavu zake sasa zinahesabika, kwato za nyuma zinanuka, na mara mbili nimemkuta saa tisa mchana ndoo yake ikiwa kavu. Mwezi uliopita aliumwa tumbo siku moja baada ya kunyunyiziwa dawa ya kupe, nasi tukajua siku ya tatu, tena kwa kuletewa ankara. Nikimuuliza meneja, ananijibu kwamba farasi wa mbio ndivyo walivyo. Saisi, yaani mtunza farasi, naye amemnong'oneza binti yangu kwamba nyasi zimepunguzwa. Hatukuandikiana chochote. Je, tumhamishe, tushtaki, au tunakuza mambo?

Jibu: Mama, hamkuzi mambo. Lakini kabla hatujafika kwenye kuhama au kushtaki, naomba tuanze na jambo ambalo barua yako imeligusa kwa sentensi moja tu, ingawa ndilo lililonishtua kuliko mbavu zinazohesabika: tumbo lililouma siku moja baada ya dawa ya kupe.

Katika maduka yetu ya dawa za mifugo, mojawapo ya dawa za kuogeshea ng'ombe zinazouzwa sana ina kiambato kiitwacho amitrazi. Kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo ni dawa nzuri. Kwa farasi ni hatari, kwa sababu hulegeza mwendo wa utumbo mpana hadi ukakaribia kusimama, chakula kikakauka na kujazana mahali pamoja, na kwa kuwa farasi hawezi kutapika, hana njia ya kupunguza shinikizo hilo. Dalili hujitokeza katika siku moja au mbili za kwanza: mnyama anazubaa, anaacha kula, hatoi mavi, na ukitega sikio ubavuni husikii ule mngurumo wa kawaida wa tumbo. Niliwahi kuitwa alfajiri kwenye banda moja ambako farasi watatu walikuwa wamesimama vichwa chini, na bomba la mgongoni la kunyunyizia lilikuwa bado limetundikwa kwenye nguzo, likidondosha. Saisi hakuwa na kosa la nia. Alitumwa dukani kununua dawa ya kupe, akauziwa ile inayonunuliwa na kila mtu, na lebo ya chupa ilikuwa imelowa kiasi kwamba ilinibidi niitandaze juu ya mfuniko wa ndoo ili niisome. Wawili walipona baada ya siku nne za kunyweshwa maji na mafuta kwa mpira wa puani. Wa tatu hakupona.

Sisemi kwamba ndivyo ilivyokuwa kwa farasi wenu, kwa maana msokoto wa tumbo una sababu nyingi, na ndoo kavu uliyoikuta saa tisa mchana inatosha kabisa kuuleta bila msaada wa dawa yoyote. Ninasema kwamba leo hii, wala si mwisho wa wiki, mwombe meneja akutumie picha ya chupa ya dawa iliyotumika, upande wa lebo unaoonyesha kiambato. Ikiwa ni amitrazi, basi farasi wenu asinyunyiziwe tena, na wenzake vilevile. Zipo dawa za jamii ya pyrethroidi zilizoandikwa waziwazi kwamba zinafaa kwa farasi, na daktari anayehudumia banda hilo anazijua. Ikiwa meneja hawezi kukuonyesha chupa wala kukumbuka jina, hilo pia ni jibu, na ni jibu zito.

Ukiwa katika stoo ya banda, tupia jicho magunia ya chakula. Vyakula vingine vya kuku na vya ng'ombe huwekwa monensini, ambayo huwasaidia wanyama hao lakini huua misuli ya moyo wa farasi. Miligramu 2 au 3 tu kwa kila kilo ya uzito wake zinaweza kumwua. Banda linalofuga kuku na farasi na kuchotea wote kwa kopo moja haliniridhishi, hata kama ni safi namna gani.

Sasa tuje kwenye kukonda. Meneja ana nusu ya ukweli. Farasi wa mbio ni mwembamba kwa asili, na mtu aliyezoea farasi wanene wa kupanda wikendi anaweza kumwona ana njaa ilhali ana afya tele. Lakini wembamba wa mbio una misuli: mgongo umejaa pande zote mbili za uti, makalio ni mviringo, shingo ni imara. Anayekosa chakula huanza kupoteza hapo hapo. Uti wa mgongo unasimama kama paa la nyumba, mfupa wa nyonga unachomoza, na nyuma ya bega panabonyea. Isitoshe, farasi aliyeacha mazoezi makali miezi saba iliyopita angetarajiwa kuongezeka uzito, kwa hiyo anapopungua sababu ipo, na huenda ikawa banda au ikawa yeye mwenyewe. Hukumu itategemea vipimo, wala si macho yako wala maneno ya meneja.

Vipimo hivyo havihitaji mashine. Chukua tepu ya fundi cherehani, mbili zikishonwa pamoja ni bora zaidi, uzungushe kifuani nyuma tu ya kiwiko cha mguu wa mbele na juu ya nundu ya mabega, farasi akiwa ametoa pumzi. Kisha pima urefu wake kuanzia ncha ya bega hadi ncha ya tako. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha tena kwa urefu, ugawe kwa 11,880; jibu ni uzito wake kwa kilo, kwa makadirio ya kuaminika. Tuseme kifua ni sentimita 178 na urefu ni 158: utapata kilo 421. Kama cheti cha uchunguzi alichoandika daktari siku ya kununua kinaonyesha kifua cha 186 kwa urefu uleule, alikuwa na kilo 460, na sasa mna jambo la kusema mezani, yaani kilo 39 zilizopotea, badala ya neno "amekonda" ambalo kila mtu analipima kwa macho yake. Pima kila wiki, siku ileile na saa ileile, na upige picha ya ubavuni mahali pamoja. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sijaona mali inayolithibitisha hilo haraka kuliko farasi.

Baada ya farasi, pimeni nyasi. Hapa ndipo mabanda mengi hukwama, na si lazima iwe kwa wizi. Mtu huambiwa kwamba farasi wake anakula "nusu robota kwa siku" naye huridhika, kumbe robota halina uzito maalumu: lililofungwa na mashine iliyokazwa linaweza kuzidi la mashine iliyolegea kwa kilo kadhaa, na la mtu aliyefunga kwa mkono ndani ya sanduku la mbao ni habari nyingine kabisa. Farasi wa kilo 450 anahitaji kwa siku nyasi ambazo, ukiondoa unyevu, zinafikia takriban asilimia 2 ya uzito wake, yaani kilo 9, ambazo ni kama kilo 10 za nyasi kavu zikipimwa kwenye mizani, na asishuke chini ya asilimia 1.5 pasipo agizo la daktari. Nenda na mizani ile ya kuning'iniza wanayotumia wauza kabichi, umwombe saisi ajaze wavu au gunia kama anavyofanya kila siku, ulitundike. Nilifanya hivyo mbele ya mwenye banda aliyekuwa akiniapia kwamba farasi mgonjwa anapata kilo 8, na sindano ya mizani ikasimama kwenye 3 na ushei. Aliitazama muda mrefu. Kisha akamwita saisi aje na wavu wa farasi wa jirani, nao ukawa vilevile. Yeye mwenyewe hakuwa akijua, kwa sababu tangu ukame uliotangulia, bei ya nyasi ilipopanda, hakuna aliyewahi kupima tena.

Uzito peke yake hautoshi, maana nyasi aina ya boma rodi zilizokatwa zikiwa zimezeeka, hasa zile zilizokwisha kuvunwa mbegu, hujaza tumbo bila kulisha. Vunja shina moja mkononi. Likikatika kama kijiti cha kiberiti na majani yakawa machache, mtahitaji kuongeza kitu chenye nguvu zaidi, kwa mfano alfalfa kidogo. Nusa pia. Nyasi nzuri hunukia utamu, lakini zenye vumbi jeupe na harufu ya uvungu wa kitanda zina ukungu, nazo zirudishwe kwa muuzaji. Nafaka iwe ya hadhari zaidi. Mahindi yaliyooza, pamoja na pumba zake, hubeba sumu ya kuvu iitwayo fumonisini, inayoharibu ubongo wa farasi kwa namna isiyorekebishika, na mtu anayesema "hayo mahindi hayafai kwa watu, wapeni farasi" amekosea mpangilio.

Halafu uliza saa. Farasi ameumbwa kutafuna muda mrefu wa siku, na tumbo lake hutoa tindikali mfululizo, awe anakula au hali. Katika mabanda mengi chakula cha mwisho hutolewa saa kumi jioni kabla wafanyakazi hawajaondoka, na kinachofuata ni saa moja asubuhi. Hizo ni saa 15. Ikiwa nyasi za jioni ni kilo 3, atazimaliza kabla ya saa mbili usiku, kisha atasimama gizani tumbo tupu kwa saa 11, na tindikali itaanza kuchoma kuta za tumbo lake. Farasi waliotoka mbioni wengi wao wana vidonda vya tumbo tangu huko, kwa hiyo ratiba ya namna hii huwaumiza mara mbili: hawashibi, na wakiletewa chakula wanakionja na kukiacha. Dawa yake mara nyingi ni wavu wa pili wenye matundu madogo unaotundikwa jioni, ambao humchelewesha hadi usiku wa manane. Gharama yake ni ndogo kuliko ankara yoyote niliyowahi kuandika.

Nimesema huenda sababu ni farasi mwenyewe, na kwa haki ya meneja ni lazima hilo lichunguzwe kabla hajalaumiwa. Mwite daktari wa farasi, si daktari wa ng'ombe anayepita njia, amtazame meno, maana magego hukua yakiwa na ncha kali zinazochana shavu, na ukiokota chini vitonge vya nyasi vilivyotafunwa nusu na kutemwa, huko ndiko pa kuanzia. Achukue mavi kuhesabu mayai ya minyoo. Kunywesha dawa ya minyoo kila baada ya miezi miwili kwa mazoea, tena kwa uzito wa kubahatisha, huzalisha minyoo sugu tu. Achukue pia damu. Hapa kwetu kupe hueneza vimelea wa chembe nyekundu za damu, na farasi aliyewahi kuambukizwa mmoja wao, theileria, anaweza kubaki naye maisha yake yote, akipungua nguvu kidogo kidogo kila anapochoka au kukosa lishe. Ufizi wenye rangi ya njano au uliopauka ni ishara ya kutosubiri. Yote haya yakiwa sawa na mizani ya nyasi ikaonyesha kilo 4, basi hakuna fumbo.

Kuhusu kwato nitasema machache, kwa sababu jambo lenyewe si gumu. Ile sehemu laini ya pembe tatu katikati ya wayo huoza mnyama akisimama juu ya maranda yaliyolowa mkojo. Ukichokoa mfereji wake kwa kichuma hutoka uji mweusi wenye harufu inayoganda chini ya kucha zako hadi jioni. Maranda makavu, kuchokolewa kila siku na dawa atakayoelekeza fundi wa kwato huumaliza uozo huo katika wiki chache. Fundi huyo anatakiwa kumkata kila baada ya wiki 6 hadi 8. Uliza tarehe yake ya mwisho. Maji nayo hayana mjadala: lita 20 hadi 40 kwa siku kutegemea joto na kazi, na ndoo mbili, si moja, kwa kuwa ndoo hupinduliwa.

Swali ambalo hukuuliza, nami nitaliuliza mimi: ana kadi ya chanjo? Chanjo ya ugonjwa wa farasi wa Afrika hutolewa kila mwaka, na kwa Nairobi si jambo la hiari. Ugonjwa huu huletwa na visubi wanaozaliana baada ya mvua na kuuma kati ya machweo na mapambazuko, na punda milia hubeba virusi vyake bila kuugua. Ninyi mlioko upande wa Langata mna mbuga nzima ya punda milia ng'ambo ya ua. Kwa aina yake inayoshika mapafu, farasi asiye na kinga huweza kusimama mzima jioni akala vizuri, na keshoye akawa anatokwa povu puani. Wengi wa wanaoshikwa na aina hiyo hufa. Kwa hiyo "matunzo yote" ambayo hayajumuishi kumwingiza ndani kabla ya jua kuzama msimu wa mvua, pamoja na tarehe ya chanjo iliyoandikwa na kusainiwa na daktari, ni matunzo nusu.

Nije kwa saisi, na hapa nitakuomba uwe mwangalifu kuliko unavyodhani inahitajika. Yeye ndiye aliyewaambia ukweli, au sehemu yake, naye ndiye mwenye cha kupoteza. Ukienda kwa meneja na kuanza na maneno "tumesikia nyasi zimepunguzwa," kufikia mwisho wa mwezi kijana huyo hatakuwa na kazi, na farasi wenu atakuwa amempoteza mtu pekee bandani anayejali. Ndiyo maana nimekazania tepu na mizani: hazina mdomo wala mshahara. Mweleze binti yako pia asirudie alichoambiwa, hata kwa wenzake wa kupanda farasi, maana habari za bandani huwahi kufika ofisini kabla ya wahusika. Na mkimwona saisi, mwulizeni ana farasi wangapi. Nikikuta mtu mmoja anahudumia farasi 10, silaumu tena ndoo kavu. Namtafuta aliyepanga kazi.

Mkutano na meneja uwe wa ana kwa ana, mkiwa na karatasi za vipimo, ripoti ya daktari na ankara zote. Msiende na maneno makali. Mkiuliza kwa utulivu, kwa namba za mfano wangu, "tufanyeje arudi kwenye kilo 455 katika wiki 10?" mtajua mengi zaidi kuliko mkiuliza "kwa nini mnamnyima chakula?" Meneja mwema atatoa kalamu. Atakiri kwamba bei ya nyasi imemshinda, apendekeze nyongeza ya ada au mnunue nyasi zenu na kuzihifadhi stooni kwa jina lenu. Nimeona mipango hiyo ikifanya kazi miaka mingi. Mwingine atawaambia kwamba amefuga farasi tangu hujazaliwa. Huyo wa pili hamtambadilisha.

Mkibaki, andikianeni. Ukurasa mmoja unatosha, usainiwe na pande zote mbili, na usiwe na neno "matunzo yote" popote. Taja nyasi kwa kilo na kwa saa; taja nafaka ni ipi na ni kiasi gani kwa mlo, usizidi kilo 2 kwa wakati mmoja, maana tumbo la farasi ni dogo kuliko umbo lake linavyodanganya. Andika fundi wa kwato anakuja kila wiki ngapi na nani anamlipa. Andika kwamba hakuna dawa yoyote, ya kupe, ya minyoo wala ya maumivu, itakayotumika bila ninyi kuarifiwa jina lake siku ileile. Naingiza dawa za maumivu kwa makusudi, kwa sababu kwenye ankara huandikwa "dawa" tu, na fenilbutazoni inayotolewa mfululizo ili farasi asichechemee sana mbele ya mwenye mali huongeza vidonda vya tumbo na kuficha ugonjwa. La muhimu kuliko yote ni dharura. Andika namba mbili za simu zitakazopigwa, jina la daktari mnayemtaka, na kiasi cha fedha ambacho banda linaruhusiwa kukitumia kuokoa maisha endapo hakuna anayepokea simu. Saa 48 za kimya wakati wa msokoto wa tumbo zinaweza kuwa ndizo tofauti kati ya kunywesha mafuta na kuchimba shimo. Mwisho, notisi ya kuondoka, kwa kawaida siku 30, na kama banda linadai haki ya kumzuia farasi hadi deni lilipwe, mjue hilo kabla ya kusaini, si siku lori limesimama langoni.

Kuhusu kushtaki, mimi si wakili, lakini nimeitwa kutoa ushahidi mara kadhaa na najua kinachokosekana: maandishi. Kwa gharama za matibabu, Mahakama ya Madai Madogo iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016 husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na vipimo vya kila wiki pamoja na picha vitakuwa na uzito mkubwa kuliko kumbukumbu zako. Kwa mateso yenyewe, iko Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, na chama cha kutetea wanyama cha KSPCA kilichoko Karen hupokea malalamiko na hutuma wakaguzi. Lakini kumbuka kwamba sheria hiyo haimtazami mwenye banda peke yake. Mwenye mnyama aliyeona na asisimamie anaweza kuulizwa pia. Kulipa ada hakumhamishi farasi mkononi mwenu, na tangu siku ulipoziona mbavu ulikuwa tayari kazini. Ikiwa daktari aliyemtibu mwezi uliopita alikuwapo kweli, atakuwa amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, na mna haki ya kumwomba maandishi ya alichokiona na alichompa. Ankara isiyo na jina la daktari ni ya kutiliwa shaka.

Kuhama, sasa. Maoni yangu, kwa kadiri ya barua yako, ni kwamba kukonda, kwato na ndoo vingeweza kurekebishwa mahali alipo, lakini kutoarifiwa siku tatu za msokoto wa tumbo hakurekebishiki isipokuwa meneja akiri bila kulazimishwa kwamba lilikuwa kosa. Asipokiri, hameni. Msihame kwa hasira wala usiku. Lipeni mnachodaiwa, mpime farasi siku ya kutoka mbele ya shahidi, mwondoke na kadi yake. Nunueni kwa banda la zamani, au kwa muuzaji wake, nyasi za wiki mbili, ili chakula kipya kichanganywe polepole kwa siku 10, kwa sababu vijidudu vya utumboni mwake havibadiliki kwa kasi ya lori. Kabla ya kuchagua banda jipya, nendeni bila miadi siku ya kazi, saa nane mchana. Msitazame ofisi wala vikombe vya ushindi. Ingizeni mkono katika hori la maji mpapase kuta zake, inameni ndani ya banda kwa kimo cha pua ya farasi mvute hewa. Amonia ikiwachoma macho, tokeni. Mwangalieni farasi mzee kuliko wote aliyepo pale, kwa kuwa kijana anaweza kupendeza hata akila vibaya, lakini wa miaka 22 mwenye mgongo uliojaa hawezi kughushiwa.

Mumeo, umeandika mwishoni, anafikiria kumpeleka kwa jamaa yenu Kitengela mwenye shamba na ng'ombe. Nia ni njema, ila farasi peke yake bila farasi mwenzake hupata huzuni inayoonekana, huzunguka ua hadi akachimba njia, na jamaa yenu ataogesha ng'ombe wake kwa dawa ile niliyoanza nayo. Kama mtapata wa pili wa kumsindikiza na mtu anayejua, tuzungumze tena.

Kuna swali la binti yako, lile aliloongeza kwa mwandiko wake chini ya barua, kama anaweza kuendelea kumpanda. Kwa sasa hapana. Tandiko juu ya mgongo usio na misuli hukalia mfupa, na jeraha la hapo huchukua muda mrefu kupona. Hadi apite kilo 445, kama vipimo vyenu vitafanana na mfano wangu, amtembeze kwa mkono dakika 20 kila anapokwenda, ikiwezekana kwenye mteremko mdogo, maana kupanda mlima taratibu ndiko kunakorudisha misuli ya mgongo na makalio. Akimaliza, ampime joto, ambalo lisizidi 38.5, na pigo za moyo baada ya kupumzika, kati ya 28 na 44 kwa dakika, aandike. Daftari likae kwake, si bandani. Akiona joto limefika 39, asimalize hata kuandika: apige simu kwanza.